Adapta ya Nyumba ya Mabati

Kila jioni wakitoka shuleni, Lornah alipitia kwa kina Debra, mtaa wa kitajiri wa Loresho, wakafanya kazi ya ziada. Debra alifungua intaneti, na hapakuwa na waya wowote ukutani. Nyuma ya kompyuta palikuwa na kidude kidogo tu, chenye taa ya buluu. Lornah alikitazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Mbona wao tu? Roho ilimuuma.

Kwao Kangemi palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo mamake, Nanyama, aliipata kwa kufulia watu nguo. Mzee Waithaka, mwenye ploti waliyopanga, alikuwa na saiba, duka la intaneti, ng'ambo ya ua, naye alikubali watumie mtandao wake usio na waya. Iliyobaki ni adapta ya kuunasa. Lornah alikwisha kujitapa darasani: "Jumamosi kundi la sayansi lije kwetu. Hata sisi tuko na intaneti!"

Ijumaa Lornah na mamake walikwenda mjini, Debra akiwasindikiza. Mama aliposimama kwenye kibanda kimoja kuulizia waya wa umeme, wasichana walitangulia kwa Jamleck, muuza vifaa vya kompyuta.

"Sasa, wasichana! Nyumba ni ya mawe ama ya mabati?"

Lornah alimtupia Debra jicho. Debra hakuwa amewahi kufika kwao. "Ya mawe."

"Basi hii ndogo inatosha. Mabati huzuia mtandao. Ingekuwa mabati ningekupa hii ya antena, yenye waya mrefu, uiweke nje ya dirisha."

Ile ya antena ilikuwa nyeusi, imesimama kama sikio la punda. Ile ndogo ilifanana kabisa na ya Debra.

"Ndogo," Lornah alisema haraka, kabla Mama hajafika kulipa.

Jumamosi kundi lilibanana kitandani mbele ya kompyuta. Taa ya buluu iliwaka, lakini ukurasa haukufunguka.

"Hii ni intaneti ama ni taa ya Krismasi?" Ryan, mcheshi wa darasa, aliuliza. Wote wakacheka.

Debra hakucheka. Aliangalia kuta. "Lornah, si ulimwambia yule mtu ni ya mawe?"

Lornah aliangua kilio. Kundi likaondoka kwenda kumalizia kazi kwa kina Debra.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kwa nini ulidanganya?"

"Nilitaka kama ya Debra, Mama."

Mama alijifunga leso, wakarudi mjini saa ile ile. "Sema mwenyewe," alimwambia Lornah kibandani.

"Nilikudanganya, anko. Nyumba yetu ni ya mabati."

"Na hiyo ni kesi?" Jamleck alicheka. "Mimi mwenyewe nalala kwa mabati, huko Kinoo!" Alikagua kile kidude, akakipokea, akampa ile ya antena.

Jioni waliiweka nje ya dirisha, ukurasa ukafunguka. Lornah aliruka kwa furaha. Mama hakutabasamu.

"Sikiza. Babu yako alichonga mawe ya nyumba za Loresho hadi mgongo ukapinda, na kila jioni alirudi kulala kwa mabati. Hiyo si aibu yetu. Ni ya waliomlipa kidogo vile, na mimi sijasahau. Ukitaka kukasirika, kasirika, sikukatazi. Lakini kumwonea Debra wivu hakutaongeza hata jiwe moja kwenye ukuta huu. Na ukiificha nyumba yako, mwanangu, kila ukienda dukani utarudi na kitu cha nyumba ya mwenzako."