Lenzi Haibadilishwi

Jumamosi, ukitaka kupita barabara ya Hidalgo katika mtaa wa Quiapo, lazima ukubali kusukumwa. Wauza kamera wamemwaga bidhaa mpaka nje ya milango, wauza mishumaa wanateremka kutoka kanisani, na kila mtu anamwita kila mtu bosi. Katikati ya msongamano huo Amihan Borlongan alipita kana kwamba barabara ni yake: jinzi iliyopauka magotini, blauzi ya njano isiyo na mikono, nywele zimebanwa kwa penseli. Kifuani amekumbatia lenzi iliyofungwa ndani ya soksi ya mtoto.

Aliingia duka la Bwana Tiongson akaiweka kwenye kaunta.

"Naomba mniangalizie hii. Imeota ukungu ndani."

Muuzaji wa zamu, Gardo Ventenilla, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kama la bwana harusi, aliielekeza kwenye taa akapiga mluzi.

"Dada, huu si ukungu, hii ni bustani! Ina umri gani?"

"Imekuzidi wewe."

"Basi tuiheshimu, tuizike. Nina mpya hapa, zinajilenga zenyewe. Hii hata kuzuia mlango haifai."

"Wewe ndiye unayefaa kuzuia mlango," Amihan akamjibu. "Tangu niingie umesimama tu."

Wateja waliangua kicheko. Masikio ya Gardo yakamwiva, na binti akachukua lenzi yake na kutoka. Gardo aliruka kaunta akamfuata.

"Dada! Dada mwenye penseli! Nimekosa, nisamehe. Nina shangazi yangu anatengeneza lenzi za zamani. Nipe namba yako nikuunganishe naye."

"Nipe namba ya shangazi."

"Shangazi hapokei simu za watu asiowajua."

"Muongo wewe."

"Muongo kweli. Nipe namba."

Amihan alimtazama, akashindwa kuzuia tabasamu, akampa.

Wiki hiyohiyo simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wali na yai la chumvi."

"Hicho si chakula, hiyo ni adhabu. Toka nje, nipo getini."

Kweli, kila akitoka alimkuta getini, tambi za moto mkononi, jasho likimtiririka, shati bado limenyooka. Amihan alimcheka, akala, akazidi kumpenda.

Ndipo Gardo alipoijua habari ya lenzi. Ilikuwa ya Mama Pacita, mama yake Amihan, aliyepiga picha za wageni katika bustani ya Luneta enzi ambazo kazi hiyo wanaume waliiona yao peke yao. Walimfukuza, wakamvuta nywele, siku moja wakammwagia maji ya mtaro. Kesho yake alirudi amepaka rangi ya mdomo nyekundu, akasimama palepale. Kwa lenzi hiyo alimlea binti yake, na kwa lenzi hiyo binti sasa alipiga picha za harusi. Ilikuwa na namna yake ya kumtazama mtu: mwanga ulitulia usoni kama unaopita kwenye pazia jepesi asubuhi.

Lakini ukungu ulikuwa unasambaa. Shangazi Mila, ambaye kumbe alikuwapo kweli, mama mnene mwenye kucha nyekundu, aliyefanya kazi huku akiimba kwenye maikrofoni ya karaoke, aliichunguza akatikisa kichwa.

"Vioo viwili vya kati vimegandana kwa gundi ya kale, na ukungu umeingia humo humo. Nikivitenganisha, vinaweza kutoka salama au vikanipasukia mkononi. Siahidi kitu, mwanangu."

Amihan aliogopa. Akairudisha kwenye soksi, akaendelea kupiga harusi nayo, akijiambia kwamba bado, bado kidogo.

Siku ikafika. Mama wa bibi harusi mmoja kule Malate alizitupa picha zilizojaa ukungu mezani mbele ya wakwe. "Mwanangu umemfanya mzuka! Nani alikutuma uje na chuma chakavu kwenye harusi ya watu?"

Amihan alimpigia Gardo akilia barabarani. "Nimekichoka hiki kitu! Laiti ningeamka nikute hakipo!"

Gardo aliyasikia maneno hayo kama yalivyo. Alimwomba lenzi, akasema anaipeleka tena kwa shangazi.

Siku ya kuzaliwa Amihan, katika mgahawa mdogo wenye feni inayolia, Gardo alisukuma mbele yake boksi lenye utepe mwekundu. Ndani, lenzi mpya inang'aa.

"Gardo! Nzuri jamani." Halafu tabasamu likasimama njiani. "Ile yangu iko wapi?"

"Tiongson ameichukua, ndiyo akanipunguzia bei ya hii. Si ulisema umeichoka?"

"Nilisema nimechoka! Hata mama yangu huwa namchoka. Utamuuza?"

"Mpenzi, nisikilize..."

Hakusikilizwa. Amihan alilibeba boksi, akavuka barabara bila kutazama magari, akaingia dukani Gardo akimkimbilia nyuma. Bwana Tiongson alikuwa anakunywa kahawa.

"Nirudishie lenzi yangu."

"Imeshachinjwa, binti. Kioo cha mbele nimeshakiuza, vingine nimeweka spea."

Amihan aliliweka boksi kwenye kaunta taratibu, kama anayelaza mtoto, akamgeukia Gardo.

"Shika zawadi yako. Na usinipigie."

Alipiga. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika meseji ndefu kama hotuba. Amihan hakujibu.

"Wanaume wapya wapo tele," Mama Pacita akamwambia, huku amenyoosha magoti yake mabovu mbele ya televisheni. "Wengine wanakuja na waranti ya dukani."

"Sitaki mpya. Na huyu wa zamani simtaki."

"Basi mbona simu unaitazama kama sufuria ya maziwa?"

Gardo, upande wake, alimwendea Tiongson akamwomba vipande vyote. Mzee akacheka. "Chagua: kazi yako au hivyo vyuma."

Gardo akavua kizibao cha duka, akakikunja vizuri kwa mazoea, akakiacha kwenye kiti, akabeba vyuma. Kioo cha mbele alikifuata hadi Binondo, akamkuta mnunuzi anakitumia kusomea gazeti. Mtu yule hakutaka kuuza. Alitaka kamera iliyokuwa begani mwa Gardo. Akapewa.

Jumapili baada ya misa, majirani wa mtaa wa Sampaloc walimwona kijana ambaye hajanyoa ndevu, shati limekunjamana, amesimama mlangoni kwa Mama Pacita na mkebe wa chakula mikononi. Amihan alitoka na mikono kiunoni.

"Vipo vyote humu," Gardo akasema. "Pete moja ya lenzi imepinda. Sijaigusa, wala sijampa mtu aiguse. Sijui unataka vifanywe nini. Nimekuja kukuuliza."

"Ungeniuliza mwanzo."

"Nilikusikia unalia, nikataka machozi yakauke haraka."

"Machozi ni yangu, Gardo. Nitalia mpaka niyamalize mwenyewe. Kazi yako ni kukaa karibu, basi."

"Nitakaa."

"Usiseme. Kaa."

Majirani walikaza masikio. Amihan alifungua mkebe, akaona vioo vimevingirishwa kimoja kimoja ndani ya leso zake Gardo, zile nyeupe, zimepigwa pasi. Akaenda kuvaa viatu.

Shangazi Mila alivipanga vipande mezani, maikrofoni ameibana kwapani. "Mwanangu, lenzi kama hii, safi kabisa, ipo Hidalgo. Ndugu yake kabisa, ya mwaka uleule. Ungeichukua ukalala usingizi."

Gardo alifumbua mdomo, akaufumba.

"Hiyo haikuchomwa na jua la Luneta," Amihan akasema. "Tenganisha."

"Ikipasuka?"

"Ikipasuka, ipasuke tukiitengeneza. Haitafia kwenye pipa la mtu."

Shangazi alivipasha moto vioo vilivyogandana, polepole, bila kuimba kwa mara ya kwanza tangu wamjue. Alivuta. Vikakataa. Akavuta tena.

*Tik.*

Vioo vilikuwa viwili, vizima, ila kimoja kimebanduka ukingoni kipande kidogo kama punje ya mchele. Shangazi alipaka wino mweusi penye jeraha, mwanga usije ukacheza hapo, akasafisha ukungu, akagandisha tena, akanyoosha pete, akaunga kila kitu mahali pake.

Amihan akaifunga kwenye kamera, akageuka. Kitu cha kwanza alichokiona ni Gardo: ndevu, macho mekundu, ile nuru laini imemkalia shavuni.

"Sogea dirishani kidogo," akamwambia.

Gardo akasogea. "Naweza kuuliza jambo lingine?"

"Umeshapata mazoea."

"Sina kazi. Kamera sina. Utakubali nikuoe?"

"Mjibu!" Shangazi akafoka ndani ya maikrofoni, na mtaa mzima ukasikia.

"Nitamjibu nikitaka," Amihan akasema bila kushusha kamera. Alimwacha asimame hapo, akampiga picha ya kwanza, ya pili. "Ndiyo. Lakini picha za harusi nitapiga mimi."

Ndugu walipiga kelele. Bibi harusi haonekani na kamera, walisema. Mkodi kijana mwenye vyombo vya kisasa. Amihan hakumkodi mtu. Siku yenyewe alitoka kanisani kwenye gauni jeupe la mabega yaliyosimama, akavua viatu mbele ya padri, akapanda juu ya kiti.

"Shangazi Mila, kidevu chini! Mama, acha kusengenya! Gardo, wewe katikati. Tabasamu!"

"Nitabasamuje?" Gardo akalalamika. "Kila mtu ana mke wake hapa, mimi nimesimama peke yangu!"

"Utaniona mpaka unichoke. Tabasamu, mume wangu."

Gardo akacheka mpaka kichwa kikaenda nyuma, naye Amihan akabonyeza.