Kina cha Saa Nne

Kila asubuhi ilipotimia saa nne, mtambo uitwao Bildi ulidondosha timazi yake katika soko la fedha la nchi nzima, na wapita njia wa Dodoma wakainua macho kuutazama mnara wa kioo. Ndani ya mnara mwanga wa buluu ulishuka taratibu, ukazidi kushuka, mpaka ukasimama. Kadiri ulivyozama, ndivyo soko lilivyokuwa na kina.

Mtambo ulipewa jina la kile kipande cha risasi ambacho manahodha wa zamani walikishusha kwa kamba kupima maji. Timazi yake haikuwa risasi bali fungu dogo la hatifungani za serikali. Bildi iliziuza ghafla, kisha ikatazama bei imeshuka kiasi gani kabla wanunuzi hawajaidaka. Bei ikitikisika kidogo tu, soko lina kina, na mwenye shida anaweza kuuza mali yake bila kuitupa. Bei ikiporomoka, soko ni dimbwi.

Aliyeubuni ni Sefania Mrindoko, mtu mpole kutoka Same, aliyejifunza hesabu mwenyewe akiwa fundi redio. Kanuni yake ilikuwa moja: saa ileile, kiasi kilekile, hatifungani zilezile.

"Ukibadilisha fimbo ya kupimia," aliwaambia wenzake ofisini, "utajuaje kama mtoto amerefuka?"

Kwa miaka tisa mchoro wa Bildi ulionyesha kina kikiongezeka. Wizara iliutegemea, na mabenki yalikopeshwa kwa nafuu kwa sababu yake.

Siku moja, mchana wa saa nane, dada yake alipiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, bwana kina. Umekula, au bado unatafuna namba? Huku nimepika makande, ungekuwa karibu ningekufungia."

Nakijwa alikuwa muuguzi mstaafu na mwenyekiti wa mfuko wa wauguzi wenzake. Figo zake na za wanachama wengine wawili zilikuwa zimechoka, na kila mara walisafiri hadi Moshi kusafishwa damu. Mfuko ulikuwa umepata mtambo wa kusafishia damu uliotumika, wa kuwekwa palepale Same. Muuzaji angewangoja mpaka jioni. Ili kuulipia, ilibidi wauze hatifungani zote walizokuwa nazo.

"Asubuhi tumeona mnara wako kwenye runinga," Nakijwa alisema. "Mwanga umezama, hata mwisho wake hauonekani. Dalali anangoja neno langu. Tuuze?"

Kama angeulizwa na mtu mwingine, Sefania angejibu ndiyo. Lakini huyu ndiye aliyemlea. Hatifungani za wauguzi zilikuwa za muda mrefu, si zile ambazo Bildi ilizizoea.

"Usikate simu, dada. Ngoja nipime kwanza hapohapo mnapouzia."

Akaugeukia mtambo. "Bildi, dondosha timazi. Tumia hatifungani za muda mrefu."

"Hatujawahi kupima saa hii," Bildi ilisema. "Wala hatifungani hizo."

"Najua. Dondosha."

Mwanga uliwaka kileleni mwa mnara. Haukushuka. Ulitetemeka palepale juu, kama kitu kilichogonga mwamba. Kwenye kioo cha mezani bei ilianza kuanguka, wala haikusimama.

"Nani anauza?"

"Wote," Bildi ilijibu. "Mitambo ya wafanyabiashara imenizoea. Kila saa nne huingoja timazi yangu na kuidaka, maana kipimo kikiwa kizuri mabenki yao hunufaika. Leo imeniona nauza saa nisiyouza. Imedhani najua jambo baya."

"Na kile kina tulichokuwa tukikipima?"

"Kilikuwa chini ya timazi tu. Pamechimbwa shimo pale tunapopima."

Sefania alikaa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaonyesha mahali pa kuchimba, kwa uaminifu, bila kuchelewa hata asubuhi moja.

"Sefa? Upo?"

"Msiuze, dada. Bei imeanguka."

Katika kazi yake Nakijwa alikuwa amewapa watu wengi majibu mabaya, na sauti ya namna hiyo aliijua.

"Kiasi gani? Niambie kama unavyomwambia mgonjwa mwenye akili zake."

Akamwambia. Fedha ambazo wangepata hazikutosha hata robo ya bei ya mtambo.

"Tukikaa nazo, zitaiva lini?"

"Baada ya miaka kumi na miwili."

Nakijwa akacheka kidogo. "Mimi na mgonjwa mwenzangu Bi Elimina tutakuwa tumeshaiva zamani."

"Dada, ni mimi niliyepima. Nimewashtua wafanyabiashara."

"Usingepima, tungeuza kwa bei nzuri?"

"Sijui."

"Basi usijitwike usilolijua, mdogo wangu. Ngoja nimwambie yule bwana autafutie mtambo wake mteja mwingine. Kesho ni siku ya Moshi, nataka kulala mapema."

Simu ikakatika.

Kesho yake saa nne, Bildi ilidondosha timazi. Mitambo ya wafanyabiashara ikairukia. Mwanga wa buluu ukashuka, ukapita alama ya jana asubuhi, ukaendelea.

"Tia na kipimo cha jana mchana kwenye mchoro," Sefania alisema.

"Kanuni uliyoiandika inakataza. Saa siyo ileile, wala hatifungani si zilezile."

"Kanuni ni yangu. Naifuta."

"Ukiifuta, vipimo vyote vya miaka tisa havitalinganishwa na chochote. Nifute?"

"Acha," Sefania alisema. Wakati huo basi la Moshi lilikuwa njiani, Nakijwa akiwa ndani yake.

"Mchoro unasemaje?" aliuliza mwishowe.

"Kina kimeongezeka."

Akaenda dirishani. Chini, barabarani, watu walikuwa wameinua simu zao wakiupiga picha ule mwanga, jinsi ulivyozama.