Notisi ya Pili

Mnada wa samaki Bagamoyo ulikuwa umefurika, na Biubwa, aliyekuwa ameshona tangu alfajiri, hakuwa na nguvu za kusukumana na mtu. Aliponyoosha mkono kumchukua pweza wa mwisho, mkono wa mwanamume ukamtangulia.

"Samahani dada, huyu nimeshamchukua."

"Mchukue. Mama yangu mgonjwa atakula harufu."

Mwanamume akacheka, akamtazama: baibui lililopauka mabegani, mtandio wa rangi ya zafarani, vipande vya nyuzi vimemganda mikononi. Akamkabidhi pweza. "Mpelekee mama. Mwambie Mikdad anamsalimu."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Walikutana sokoni, wakaongea kwenye simu.

"Umelala, laazizi?"

"Nimelala huku nashona."

"Basi nishonee na mimi kanzu, nije nayo kwenu kuposa."

"Thubutu! Kwanza nikujue."

Mikdad alisema anamsaidia ami yake, Mzee Shamsudin, kuangalia mali za ukoo. Biubwa akadhani ni mashamba ya Makurunge. Yeye naye hakumwambia anaishi wapi. Aliona haya. Bi Maulida, mwenye nyumba wao, alikuwa amefariki, na warithi walitaka kuigeuza nyumba iwe ya kulaza wageni. Dalali alikwisha kubandika notisi ya kwanza ya kuhama mlangoni. Kodi walilipa bila kukosa, lakini hilo halikumgusa mtu. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, hatembei.

Asubuhi moja ikapigwa hodi. Biubwa alipofungua, akamkuta Mikdad, kanzu imenyooshwa, bahasha mkononi.

"Wewe?" alisema Mikdad.

"Kumbe mali za ukoo ni sisi."

"Wallahi sikujua, Biubwa! Mkataba una jina la Bi Mwanabaraka."

"Ndiye mama. Aliyekula pweza wako."

Akaipokea notisi ya pili, akatia sahihi ya kupokea, akafunga mlango taratibu. Hata nguvu za kuubamiza hakuwa nazo.

Simu iliita siku nyingi bila kupokelewa. Siku aliyoipokea, Mikdad aliongea haraka, kana kwamba itakatwa.

"Nimewaomba warithi. Wamekubali mkae mpaka Idi, zaidi ya hapo wamekataa. Nimemrudishia ami funguo zake, mwenzio siiwezi kazi hii. Biubwa, tuoane. Njoo kwangu, wewe na mama."

Biubwa alisimamisha cherehani.

"Nimechoka, Mikdad. Nikija sasa, nitakuwa nimekuja kwa kukosa pa kwenda. Siku tukigombana utaniambia nitoke."

"Mimi? Siwezi kukuambia hivyo, mpenzi."

"Bi Maulida naye alituambia, hii ni nyumba yenu."

Baada ya Idi walihamia Zinga, vyumba viwili nyuma ya duka, alivyovitafuta Biubwa mwenyewe kwa miguu yake. Mikdad alikuja kusaidia. Alibeba kitanda, akabeba cherehani, akambeba mama mgongoni mpaka kwenye bajaji. Habari ya ndoa hakuigusa. Biubwa alimwona jasho likimtiririka shingoni, hasira iliyokuwa imebaki ikamtoka.

"Mikdad," alimwambia wakati anaaga, "sasa unapajua kwangu. Ukitaka kuposa, leta wazee."

Waliletwa Jumapili. Biubwa, aliyekuwa amepika tangu asubuhi, aliketi kidogo kuwangoja, usingizi ukamchukua, kichwa juu ya meza ya kushonea.

"Tangu tuhame hajapumzika," mama aliwaambia wageni kutoka kitandani.

"Basi aamshwe," alisema Mzee Shamsudin. "Tumetoka mbali."

"Ami, naomba tungoje."

Mzee akaguna, lakini akakaa mkekani barazani pamoja na wenzake.

Alasiri ilikuwa imeingia Biubwa alipoinua kichwa, alama ya kitambaa shavuni, akasikia wanaume wakinong'ona nje.

"Nani hao, mama?"

"Wageni wako. Wapo tangu adhuhuri. Mikdad amewakataza kukuamsha."

Biubwa alijifunika uso kwa viganja. Mama alidhani analia, kumbe anacheka.

"Waambie nakubali," alisema. "Ila wanisubiri kidogo, ninawe uso."