Kikohozi cha Baba Mkwe

Jua lilikuwa linaegemea miti ya ng'ambo mama mkwe alipomkabidhi Atuganile kapu.

"Nenda kachukue unga mferejini, mwanangu, na usikawie. Isakwisa asipokunywa uji leo, kesho tutamzika."

Atuganile alikuwa na miaka kumi na sita na ndoa ya msimu mmoja. Mumewe alilala mkekani, mwili mzima malengelenge ya ndui, midomo imekauka. Binti akajifunga khanga, akatoka mbio.

Mwaka ule wa ndui Mwingereza alikuwa bado anatawala, na kijiji chao, upande wa Rujewa, kilikuwa kimefungwa tangu masika. Askari walisimama ng'ambo ya mfereji na bunduki zao. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Kila jioni waliacha unga ukingoni, na asiyewahi kabla ya giza, fungu lake lilirudi na lori.

Kufungiwa kungevumilika. Kilichowanyima watu usingizi ni mashamba. Vijana walikuwa wagonjwa, wengine wameshazikwa, majembe hayana wa kuyashika, lakini kila kulipokucha mpunga ulikutwa umepaliliwa, magugu yamerundikwa kwenye majaruba, bado mabichi. Watu walinong'ona neno moja tu: msukule. Wafu wanaoamshwa na mchawi ili wamlimie, mshahara wao pumba. Shamba lililotangulia kutakata lilikuwa la baba mkwe wake Atuganile. Watu wakasema ni kwa kuwa liko karibu na maji.

Huyo baba mkwe Atuganile hakuwahi kumwona uso wala kumsikia sauti. Ndivyo walivyo Wanyakyusa, na kuhama Rungwe kuja kulima mpunga Usangu hakukuwaachisha mwiko wao: mke hatazamani na baba wa mumewe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. (Na sisi tusilitaje, tusije tukamponza binti wa watu.) Mzee akipita njiani hukohoa mara mbili. Binti hukaa kando, akampa mgongo na kujifunika khanga hadi apite. Atuganile alimjua kwa kikohozi hicho kikavu, na kwa katambuga zake za tairi.

Mferejini alikuta fungu moja tu limebaki. Askari wa ng'ambo alimsubiri aliweke kapuni, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Dada... huko kwenu nani analima gizani?"

Atuganile alijitwika kapu akageuka.

Giza lilikuwa linaingia. Njia ilipita katikati ya mpunga. Kwanza alisikia harufu ya pumba iliyochacha. Halafu sauti, mbele, kushoto, kisha pande zote...

Chwa. Chwa. Chwa.

Majembe kwenye tope.

Alitaka kurudi, lakini nyuma kulikuwa na bunduki na mbele kulikuwa na Isakwisa. Akaongeza mwendo.

Ndipo akasikia kikohozi.

Mara mbili.

Akashusha pumzi. Afadhali, mzee! Akaingia kando ya njia, akageuka, akavuta khanga hadi kidevuni, akasubiri apite.

Hakupita.

Majembe yakanyamaza. Nyayo zikamzunguka taratibu, zikasimama mbele yake. Chini ya upindo wa khanga akaona miguu. Haikuvaa katambuga. Ilikuwa mitupu, ina tope hadi kwenye magoti. Nyuma yake ilisimama mingine mingi, na mmoja ulivaa shanga za buluu.

Shanga za Paskalina, rafiki yake. Atuganile mwenyewe ndiye aliyemvika siku walipomwosha kwa maziko.

"Funua uso, mwanangu," sauti ikasema polepole. "Nikuone."

Mpini wa jembe, baridi, ukaegemezwa mkononi mwake.

Mkono ulishapanda kwenye khanga, maana mkubwa akiamuru mtoto hutii. Ndipo akili ikamrudia. Baba mkwe hasemi na mkwe wake! Huyu ameazima kikohozi tu, mila haijui. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na jioni ile Atuganile aliwaona watumwa wenyewe, walau miguu yao.

Akauacha mpini uanguke. Akawapa mgongo, uso umefunikwa, akaondoka akiipapasa njia kwa nyayo. Nao wakamfuata. Alipokwenda walikwenda, aliposimama walisimama, hadi kwenye migomba ya nyumbani.

"Ndaga, mwanangu," mama mkwe alishukuru akilipokea kapu. "Mbona unatetemeka?"

"Mama... baba ametoka leo?"

"Atoke na homa ile? Amejifungia chumbani tangu mchana. Si hizo katambuga zake mlangoni?"

Kweli zilikuwepo, kavu kabisa. Atuganile alilia kwa faraja, kisha akakoroga uji. Isakwisa akanywa, na siku ya pili akaomba mwingine.

Ndui ikaisha, askari wakaenda zao. Wakati wa mavuno kijiji kizima kiliokota masazo, ila mzee alijaza ghala. Akatoa ng'ombe kuondoa mwiko. Alimtuma mkewe aseme kwamba binti aliyemwokoa mwanawe si haki kumficha uso maisha yote.

Ua ulijaa watu. Atuganile aliletwa amefunikwa, na moyoni alikuwa na furaha ya kweli, kwani ni wakwe wangapi hupewa heshima ile?

Mzee akakohoa. Mara mbili.

Chini ya upindo wa khanga Atuganile aliiona miguu yake. Siku hiyo alikuja bila katambuga.

"Funua uso, mwanangu," sauti ikasema polepole. "Nikuone."

Sauti ilikuwa ile ile.

Vigelegele vikapasua ua. Atuganile aliing'ang'ania khanga kwa mikono yote miwili, na mama mkwe, akicheka, akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja.

"Achia, mwanangu. Mwiko umekwisha."