Mawe Mepesi ya Stenby

Stoo ilikuwa tupu. Rafu zilikuwepo, kufuli lilikuwepo, hata kibao cha kuishukuru serikali kilikuwa kinaning'inia palepale ukutani. Mawe ndiyo hayakuwepo, hata moja.

"Yameibwa," alisema Verna Friesen, mwenyekiti wa klabu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Na afisa wa ruzuku anafika saa saba mchana."

Inspekta Perla Dimaculangan alivua glovu kwa meno akachungulia kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

Sisi watu wa Stenby, katika nyanda za Manitoba, majira ya joto tunalima na majira ya baridi tunacheza mawe. Unasukuma jiwe zito lenye mpini juu ya barafu kuelekea shabaha, na wenzako wanaifagia barafu mbele yake kwa mifagio ili lifike mbali. Wageni hutuona vichaa, na sijui kama wanakosea. Mwaka jana serikali ilitangaza ruzuku kwa miradi ya jamii ya kupinga ubaguzi wa rangi na kuunganisha watu wa asili mbalimbali. Klabu ikaomba, ikapewa, ikanunua mawe mepesi ya kuwafundishia wageni wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha viazi. Leo timu ya wageni ingecheza na timu ya Verna mbele ya afisa, naye angeamua kama mradi uendelee.

"Na usipoendelea?" aliuliza Inspekta.

"Mtambo wa barafu ni mgonjwa. Bila ruzuku tunafunga milango. Tena akija akakuta hakuna mawe, atasema tumekula fedha za serikali. Mimi, Verna, ambaye hata biskuti za kanisa huwa nalipia."

"Nani wana funguo za stoo?"

"Mimi. Mzee Einar, mtunza barafu. Na Letebrhan, nahodha wa wageni. Ila Letebrhan usimsumbue. Tafadhali. Itakuwaje polisi wakimhoji mgeni siku kama hii?"

"Nitawahoji wote watatu," alisema Inspekta. "Kumruka mmoja ndiyo itakuwa ajabu."

Alianza na eneo la tukio. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jioni, na Inspekta alipofika asubuhi hiyo, kabla Mzee Einar na Letebrhan hawajaja, mbele ya klabu kulikuwa na alama za viatu vya Verna na za gari la polisi tu. Jiwe jepesi ni jepesi kwa jina. Lina uzito wa mtoto anayetambaa, na stoo ilikuwa na rafu nzima. Mtu hawezi kuyapitisha juu ya theluji mpya asiache hata mfereji. Konstebo alichukua alama za vidole mlangoni, akapata za kila mtu aliyewahi kuishi Stenby.

Mzee Einar Thorlakson alikuwa jikoni anakunywa kahawa, gongo lake limeegemea meza. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi uliopita, na alikuwa anaudhika kama mtu aliyenyang'anywa gari.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia. Poleni sana."

"Husikitiki."

"Nimesema poleni. Unataka nilie?"

"Uliyapinga mawe hayo kwenye mkutano."

"Niliyapinga, nayapinga, na kesho Mungu akiniamsha nitayapinga. Yale ni mawe ya watoto. Mtu mzima akilisukuma linakimbia kama sahani iliyomwagiwa sabuni."

"Kuna wanaosema huwapendi wageni."

Mzee Einar aliweka kikombe chini. "Nani kasema? Verna? Muulize Verna kila asubuhi kabla ya zamu ya kiwanda huwa nipo na nani kwenye barafu. Hawezi kukujibu, maana saa hizo bado amelala."

"Upo na nani?"

"Nipo na mawe," alisema mzee, akafunga mdomo. Inspekta alimjua tangu utotoni. Ukishaona amekaza kidevu hivyo, basi, hata jino lake hutalipata.

Letebrhan Habtemichael alikuwa amekaa kwenye benchi la wachezaji, anafunga kamba za viatu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea makreti.

"Dada, jana nani alifunga klabu?"

"Mimi."

"Mawe yalikuwepo?"

"Yalikuwepo nilipoingia."

Inspekta alisubiri amalizie. Letebrhan akahamia kiatu cha pili.

Inspekta alirudi stoo, akafuata korido hadi mlango wa nyuma. Pale nje ndipo panapomwagwa unga wa barafu inayokwanguliwa uwanjani, na lundo lake lilikuwa limefika dirishani. Ukifungua mlango unaligusa bila hata kutoka nje. Inspekta alichukua koleo.

Koleo liligonga kitu kigumu.

Mawe yote yalikuwa humo. Yalikuwa yamepangwa mawilimawili, mipini juu, na chini ya kila moja kuna kipande cha boksi ili mchanga usilichubue. Inspekta alichuchumaa akayatazama kwa muda, halafu akacheka peke yake. Jiwe likipata joto huharibu barafu, na likichubuka haliendi sawa. Aliyeyachukia mawe haya angeyatupa kwenye gari la mtu au nyuma ya bomba la maji moto. Huyu mwizi alikuwa ameyatandikia.

Aliwakusanya wote watatu kando ya uwanja na kuwaeleza alichokikuta. Verna alishika kifua kwa furaha.

"Basi yarudishwe haraka, tusahau."

"Bado sijamaliza upelelezi, Bi Verna."

"Ni mimi," alisema Mzee Einar. "Nimeyaficha mimi. Andika."

"Mzee, juzi kofia yako ilianguka dukani, nikakuokotea mimi mwenyewe."

"Nilikuwa naigiza."

Hata konstebo alishindwa kujizuia. Inspekta aliwaacha wacheke, kisha akakaa kwenye benchi, akatia kalamu mfukoni.

"Mchezo wetu hauna refa," alisema. "Ukiligusa jiwe linalotembea, hata kama hakuna aliyekuona, unasimama unasema mwenyewe. Nimeuliza maswali ya kutosha. Sasa nimekaa."

Mtambo wa barafu ulinguruma, ukakohoa, ukanguruma tena. Letebrhan alisimama akainua mkono, kama Mzee Einar anavyowafundisha wote.

"Nimeligusa," alisema.

"Yote?"

"Yote. Jana usiku, peke yangu. Mzee hakujua. Alikisia leo asubuhi tu, kwa kuniangalia usoni."

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta, taratibu.

"Tangu majira ya vuli tunafanya mazoezi na mawe ya kweli. Mzee anakuja na gongo lake anatupigia kelele. Mwenzetu Jocelyn ameanguka mpaka goti limekuwa bluu, lakini tunaweza. Halafu tunaambiwa leo tucheze na mepesi, picha zitoke vizuri. Mwanangu Yonas anakuja kuangalia. Ana miaka tisa. Aliyaona mawe yale akaniuliza, 'Mama, mbona hayo ni kama yale tunayochezea sisi darasa la tatu?' Nikawaza, yakikosekana, watalazimika kutupa ya kweli. Sikujua Bi Verna angeita polisi."

Verna alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Lakini Letebrhan, mpenzi, kwa nini hukuniambia? Ungekuja tu ukaniambia."

"Nilikuambia, Bi Verna. Mara mbili. Ukanisifu jinsi Kiingereza changu kilivyoendelea."

Hakuna aliyecheka. Verna ni mwanamke mwema, nitamtetea popote, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akainua mkono wake, polepole.

Inspekta alifunga faili. Mali ya serikali haikutoka eneo la klabu, alisema, na kuhamisha vitu stoo si kosa la jinai.

Afisa wa ruzuku alifika akiwa amechelewa, akaoneshwa mawe mepesi yakiwa safi kwenye rafu. Aliuliza mbona hayatumiki.

"Hayo yanakwenda shule ya msingi, ukituruhusu," alisema Verna. "Tulikosea. Andika hivyohivyo kwenye ripoti. Sasa kaa, uone watu wanacheza."

Akaona. Timu ya Verna haikuwaonea huruma hata chembe, na Mzee Einar alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Afisa aliacha kupiga picha, akashika ukingo kwa mikono miwili. Jiwe la mwisho la Letebrhan lilihitaji kusogea kiasi cha kiganja tu, likakataa.

Yonas alimkimbilia mama yake pale pembeni.

"Mama, mmepigwa."

"Tumepigwa," alisema Letebrhan, akihema, uso wote ukicheka. "Umeona walivyotupiga?"