Taa Chini ya Turubai

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare za shule, Kibiriti alifagia banda la boti. Boti ya Baba, iliyozoea kuvusha abiria ziwani, ililala humo juu ya magogo, imefunikwa turubai gubigubi. Ulikuwa msimu wa mawimbi makali, na kwa miezi miwili haikugusa maji.

Walimwita Kibiriti kwa sababu aliwaka upesi. Lakini safari hii aliwaka kimyakimya, na aliyemwasha ni mdogo wake, Tone, msichana wa miaka kumi.

Kisa? Baba alimpa Tone kazi ya betri. Kila Jumamosi Tone alipima chaji kwa mita, akaandika namba kwenye daftari lililoning'inia mlangoni, kisha akaichaji betri mpaka chaja ikaonyesha taa ya kijani. Akimaliza alifungua waya mweusi kwa spana, ili kitu chochote ndani ya boti kisinyonye chaji. Funguo za boti alizivaa shingoni kama medali.

"Kumi na mbili nukta saba, Baba!"

"Safi sana, fundi wangu!"

Fundi wangu! Kibiriti, mwenye miaka kumi na miwili, alimshikia Baba spana tangu Tone hajaanza shule. Roho ilimuuma kama jino bovu. Akaushindilia ufagio chini.

"Taratibu, mama," Baba akacheka. "Sakafu imekukosea nini?"

Jumatatu, Tone alipotumwa dukani, Kibiriti alijipenyeza chini ya turubai. Akaurudisha waya mweusi, akawasha taa ya ndani ya boti, akaiacha inawaka. Ijumaa jioni aliizima na kuufungua waya tena. Tuone sasa nani fundi, alijiambia.

Jumamosi Tone aliikodolea mita macho. Kumi na moja nukta nne! Kibiriti alisubiri kuona mdogo wake akiandika uongo, maana yeye mwenyewe angeuandika bila kupepesa. Lakini Tone aliandika namba ileile, na chini yake: "Sijui kwa nini."

Baba alisoma, akatikisa kichwa. "Vizuri hukunificha. Ichaji, tuone wiki ijayo."

Hata kwa kosa anasifiwa! Kijicho kikamzidi Kibiriti. Jumatatu akaiwasha tena ile taa, Ijumaa akaizima kama mwanzo.

Jumamosi iliyofuata namba ilikuwa kumi nukta nane. Baba hakucheka.

"Betri ikikaa tupu inaharibika, haishiki chaji tena," alisema. "Na Jumatano tunarudi majini. Injini isipowaka, abiria watavukaje? Waogelee?" Akashusha pumzi. "Tone, kazi hii imekuzidi. Mpe dada yako funguo."

Tone alizivua funguo.

"Chukua, Dada. Wewe ndiye unayeijua boti. Labda betri itakusikia wewe."

Funguo zilikuwa bado na joto la kifua chake. Siku zote hizo Kibiriti alizitamani, na sasa kiganja kilimwungua.

"Baba, betri haijaharibika yenyewe. Ni mimi. Niliwasha taa chini ya turubai. Wiki mbili."

Tone alimtazama dada yake kama mtu asiyemfahamu.

"Mbona, Dada?"

"Kwa sababu Baba alikuita fundi."

Baba hakupayuka. Alifungua vifuniko vya betri, akachungulia. "Maji yamepungua. Lete maji ya betri, na chaja. Tutaichaji polepole. Wewe utapima kila baada ya saa tatu, Tone atahakiki unachoandika."

Siku hiyo Kibiriti hakwenda kucheza, wala Jumapili. Namba zilipanda kwa kujivuta. Nyingine alitamani kuziongeza kidogo, lakini kila alipogeuka alimkuta Tone na mita yake, makini kama mwalimu wa hesabu. Jumanne jioni wakasoma pamoja: kumi na mbili nukta sita.

Jumatano boti ilishushwa majini. Kibiriti alimrudishia Tone funguo, naye Tone akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Abiria wakashangilia, na aliyepiga makofi kwanza ni Kibiriti, aliyeshika kamba huko nyuma.

Baba alimsogelea. "Unajua kwa nini betri nilimpa mdogo wako? Wewe leo ulikuwa uanze kujifunza usukani."

Kibiriti aliinama. "Na sasa?"

"Sasa usukani utasubiri. Jaza daftari lile kwanza, kwa namba za kweli. Umesema kweli kabla betri haijafa, hilo nimeliona na sitalisahau." Baba akamwekea mkono begani. "Lakini kumbuka, mwanangu. Taa yako iliwaka wiki mbili na haikumwangazia mtu hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kumaliza chaji tu. Wivu nao ndivyo ulivyo. Ukiuona unawaka ndani yako, uzime mapema, au uje uniambie."

Kibiriti aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda mbele, akamrekebishia Tone funguo shingoni.

"Zikae vizuri, fundi," alisema.