Dobi na Fundi Lifti

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu walijazana mbele ya mlango wake kana kwamba kuna kitu cha bure kinagawiwa. Dobi hakusubiri. Alijitwika furushi la mashuka safi mgongoni, akaanza kupanda ngazi kwenda ghorofa ya sita. Alivaa sare ya bluu iliyopauka, viatu vya mpira, na kitambaa chekundu kichwani, kimefungwa harakaharaka lakini kimemkaa.

Ghorofa ya tatu alimkuta mwanamume amepiga magoti kando ya mlango wa lifti, bisibisi mdomoni, mikono imejaa grisi. Akaitoa ile bisibisi.

"Dada, pumua."

"Kwani nimekufa?"

"Umebana pumzi tangu ghorofa ya pili, nakusikia. Toa pumzi unapokanyaga."

"Tengeneza lifti, kaka. Mapafu niachie mwenyewe."

Lakini safari iliyofuata alijaribu, akaona kifua kimepata nafuu, ingawa asingemwambia hata kwa dawa. Safari ya nne Fundi alikuwa amesimama, mikono ameifuta, anamngoja. Alilichukua furushi, akapanda nalo mpaka juu bila kuhema.

"Unapanda hivi mara ngapi?"

"Leo zitafika mara nane."

"Basi wewe si mtu, wewe ni winchi."

Jina likamganda. Jioni lifti ilipoanza kutembea, namba ya Winchi ilikuwa tayari kwenye simu ya Fundi.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Fundi alikuwa mwembamba, ameshikana, na mwili wake aliutunza kama alivyotunza nyaya za lifti. Alikimbia kila alfajiri, aliunyoosha mgongo kabla ya kugusa kifaa chochote, na saa tatu usiku alikuwa amelala. Kwa Dobi mambo hayo yalikuwa vichekesho.

"Mazoezi ya nini, Fundi, na mimi kutwa nabeba?"

"Kubeba kunakula mwili, mpenzi. Mazoezi ndiyo yanaurudisha. Asubuhi umekula nini?"

"Chai ya rangi."

"Na mchana?"

"Soda."

"Ndiyo maana jioni sauti yako inakwisha kabla ya salio. Jumamosi njoo tutembee. Nusu saa tu."

"Jumamosi nina kazi."

"Jumapili?"

"Pia."

Hakusema kazi gani. Kazi hiyo ilikuwa Baba. Mama alikuwa amefariki siku nyingi, na miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua Baba upande wote wa kushoto. Aliwahi kuwa dereva wa malori, mtu wa kifua. Sasa amepungua kila kitu isipokuwa uzito. Alfajiri Dobi alimgeuza, akamwosha, akamkalisha. Mchana jirani alimlisha. Jioni, baada ya mashuka ya wodi nzima, Dobi alianza upya. Nyumba ilikuwa vyumba viwili, na dirisha lilitazama ukuta wa nyumba nyingine. Akishafunga mlango jioni, hapakuwa na pa kwenda mpaka kesho kazini. Mwanamume mmoja aliwahi kumposa. Alipokuja akamwona Baba kitandani, alikunywa maji, akaaga, na hakurudi. Ndiyo maana safari hii Dobi alinyamaza.

Jumapili moja alitoka kununua dawa, simu akaiacha inachaji kando ya kitanda cha Baba. Tangu siku hiyo Fundi hakupiga tena. Dobi akipiga, simu inaita mpaka inachoka. Siku ya nne wakakutana kwenye korido ya hospitali.

"Habari za kazi, mama," Fundi alisema, kama anayemsalimia mke wa mtu.

"Mama wa nani? Simu yako imeharibika?"

"Simu ni nzima. Nilichokuwa sikijui sasa nakijua. Wasalimie nyumbani."

Akainua sanduku lake la vifaa, akaondoka. Dobi alibaki ameshika toroli la nguo chafu, uso unamwaka. Siku zile zilizofuata alibeba kama anayegombana na mtu. Hakula vizuri, hakupumzika, na pumzi alizibana zote kifuani.

Jumamosi mchana aliinama kumtoa Baba kitandani ampeleke kwenye kiti, na kiuno kikakata. Aliwahi kumrudisha Baba kitandani, kisha mwenyewe akateleza mpaka sakafuni. Alijaribu kugeuka, akashindwa.

"Baba, mpigie jirani."

"Jirani ameenda harusini, umesahau?"

Wakabaki hivyo, mmoja juu, mmoja chini, wote hawawezi kuinuka.

"Kuna namba nyingine," Baba alisema hatimaye. "Ya yule Fundi. Alipiga Jumapili ile. Nilimwambia una mwenyewe, asikusumbue."

Dobi alikodolea dari macho. Alitaka kutoka mle chumbani, na hata hilo hakuliweza.

"Kwa nini, Baba?"

"Niliogopa. Nakusikia unavyocheka naye, nauona mlango unafunguka, unatoka. Nani atanigeuza? Mimi nimefungwa na mwili, mwanangu. Wewe nimekufunga mimi."

Mkono wake mzima ulikuwa umeshaishika simu ya Dobi. Alipiga mara tatu ndipo ikapokelewa.

"Hujambo, kijana. Ni yule wa Jumapili. Mimi si mume, ni baba yake. Nilikudanganya. Njoo, yuko chini hawezi kuinuka." Akamwelekeza nyumba.

Fundi alifika akiwa na shati jeupe lililolowa jasho mgongoni. Alisukuma mlango, akawatazama wote wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Anza na yeye."

Alipiga magoti, akamkunja Dobi magoti taratibu, akamlaza ubavu, akamwambia asukume sakafu kwa mikono.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekaa?"

"Hukunipa nafasi ya kukaa."

"Na wewe ungeuliza. Ukaniita mama."

"Nilikosea, Winchi. Nilikosea sana."

Daktari alimpumzisha wiki tatu. Katika wiki hizo Fundi alifunga bomba la chuma juu ya kitanda, akaning'iniza kishikio ili Baba ajivute mwenyewe kwa mkono wa kulia. Aliwaonyesha namna ya kumsogeza kwa shuka badala ya kumnyanyua. Baba alilalamika kuwa anafanyishwa jeshi uzeeni, lakini alijivuta mara kumi kila asubuhi, akihesabu kwa sauti. Dobi alinyoosha mgongo mkekani na kunywa uji kabla ya chochote. Ukuta wa dirishani ulikuwa palepale, na mashuka ya ghorofa ya sita yalimngoja.

Asubuhi moja Baba aliwaambia, "Nendeni mkatembee. Sifi kwa nusu saa."

Dobi alivaa gauni la kijani alilokuwa hajalivaa kwa miaka miwili. Walitembea wakiongea, wakitaniana, mpaka kwenye njia panda. Hapo akasimama. Barabara iliendelea mbele, ndefu, yenye kivuli.

"Mimi mwisho wangu hapa, Fundi. Dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Miaka yote itakuwa hivi. Lazima ujue."

"Najua. Nataka kukuoa."

"Sihami kwa Baba."

"Nitahamia mimi. Kitanda kinaingia kile chumba cha pili, nimeshapima."

"Umepima lini?"

"Juzi, ulipokuwa umelala. Baba yako alinishikia futi."

Dobi alicheka mpaka akashika kiuno. Akaitazama barabara ile mara moja tena, kisha akageuka.

"Twende nikamjibu yeye kwanza," alisema, "maana naona ndiye aliyeposa."